Mabakuli ya Kijani

Nimeuza mabakuli ya chakula nikijua yana kasoro. Naungama hadharani kwa sababu ziko nyumba ambamo bado yanatumika.

Yalikuwa ya udongo mwekundu, na ndani, kwenye kitako, kila moja lilikuwa na kidimbwi cha kijani kinachong'aa kama maji ya bahari. Kijani kile ni chupa tu. Nilizivunja, nikazitwanga, nikamwaga konzi moja ndani ya kila bakuli kabla ya kuyapanga tanurini. Kioo cha chupa ni mchanga kwa takriban 70%, soda ya magadi kama 13%, na chokaa. Soda ndiyo inayokifanya kiyeyuke mapema. Soda hiyo hiyo hukifanya kisinyae zaidi kinapopoa kuliko udongo uliokishika, basi kikajaa nyufa.

Niliyasikia mabakuli yenyewe. Hata baada ya kutoka tanurini yaliendelea kulia rafuni, ti, ti, ti, hasa usiku kukiwa kimya. Fundi yeyote aliyechoma vyombo anaijua sauti hiyo. Nilipopitisha kidole ukingoni mwa kidimbwi, niliyagusa makali. Lakini wateja walikuwa wakiyagombania, nami nikawaambia nyufa zile ni pambo.

Siku moja mama mmoja akanirudishia lake. Alikuwa amekunja karatasi, akaifunua mbele yangu: kibanzi cha kijani, chembamba kuliko ukucha.

"Fundi, hiki nimekitoa kwenye uji wa mwanangu."

Mtoto alikuwa salama. Nilimrudishia fedha zake, akazipokea bila kuzihesabu, akaondoka.

Chupa ni malighafi nzuri, na bado naitumia. Ikisagwa ikawa unga laini, ikachanganywa na udongo wenyewe kwa kiasi, hushika nafasi ya felspa, madini ya kuyeyushia: chombo hukomaa kwa moto mdogo zaidi, na kuni zikapungua. Ukizidisha, chombo hulegea na kugandamana na rafu ya tanuri. Kidimbwi nacho kina mahali pake, kwenye vigae vya ukutani. Mimi nilikiweka penye kijiko, na nilipojua, nikanyamaza ili niuze.

Kama una bakuli langu lenye kidimbwi cha kijani, usilitumie kwa chakula tena, wala usimpe jirani. Lilete karakanani kwangu. Nitakurudishia fedha yote, hata kama limevunjika.