Kopo la Maji ya Mtaro

Mwaka 1992 nilikuwa darasa la sita katika shule ya umma isiyo mbali na makutano ya Kisian, pale barabara ya kutoka Kisumu inapogawanyika, moja ikishika njia ya Maseno na Busia, nyingine ya Bondo. Sayansi yetu ilikuwa ya chaki. Mwalimu alichora mbu ubaoni, miguu sita, mabawa mawili, nasi tukanakili kimya. Mbu wenyewe walikuwa wametunyonya usiku kucha, na madawati mawili matatu yalikuwa matupu kwa sababu ya homa. Mtihani wa sayansi wa KCPE, wa kumaliza shule ya msingi, ulitaka A, B, C au D, basi.

Hapo hapo Kisian ndipo kilipo kituo cha utafiti wa tiba cha KEMRI. Mwishoni mwa miaka ya tisini watafiti wake, pamoja na wenzao wa CDC ya Marekani, walijaribu vyandarua vyenye dawa huko Asembo na Gem, wakaonyesha kwamba vinapunguza vifo vya watoto wachanga. Dunia nzima ilisoma matokeo hayo. Nami wakati huo, jirani yao, nilikuwa sijawahi kumwona kiluwiluwi wa mbu nikajua ndiye.

Nilirudi huko kufundisha mwaka 2004, mwaka mmoja baada ya masomo ya msingi kufanywa bure. Darasa langu lilikuwa na watoto tisini na ushei. Niliwachorea mbu ubaoni, miguu sita, mabawa mawili. Naona haya kuyaandika, lakini ndivyo nilivyofundishwa.

Kilichonigeuza ni semina. Mradi wa SMASSE wa kuboresha ufundishaji wa hisabati na sayansi, ulioanza 1998 kwa msaada wa Japani, ulikuwa wa walimu wa sekondari. Sisi wa msingi tulifikiwa baadaye. Mwelekezaji alituuliza swali moja tu: mtoto atashika nini leo? Niliporudi, nilichukua kopo tupu la mafuta ya kupikia, nikachota maji mtaroni, nikayamimina katika sahani nyeupe.

Walisukumana. Kisha msichana mmoja, ambaye muhula mzima sikuwa nimesikia sauti yake, akasema, "Mwalimu, huyu amelala. Yule ananing'inia."

Alikuwa amegundua peke yake tofauti ambayo wataalamu huitumia. Kiluwiluwi wa anofelesi, mbu anayeleta malaria, hana mrija wa kupumulia mkiani, kwa hiyo hujilaza sambamba na uso wa maji. Wa kuleksi anao, naye huning'inia kichwa chini. Siku hiyo sikufuta ubao; haukuwa na kitu.

Baada ya hapo tukaigeukia rejista ya mahudhurio. Tulihesabu sifuri za watoro na wagonjwa wiki kwa wiki, tukachora visanduku kwenye karatasi ya miraba. Visanduku vilipaa mvua za masika zilipokuwa zikiisha, Mei na Juni. Watoto walibandika karatasi hiyo mlangoni, na wazazi wakawa wanasimama kuisoma. Siku hizi takwimu za wanafunzi huingizwa katika mfumo wa kompyuta, hadi nambari ya cheti cha kuzaliwa. Kazi hiyo nimeifanya usiku kwa simu yangu mwenyewe. Takwimu hizo zilipanda kwa wakubwa, sijawahi kuziona zikishuka kuturudia.

Vishikwambi vya serikali, ambavyo shule za msingi nchini zilianza kupokea 2016 kwa ajili ya darasa la kwanza, kwetu vililala kwenye kabati la chuma, funguo mfukoni mwa mtu mmoja. Tuliogopa vitaibwa. Viliwekwa hadi vikashika vumbi.

Mwaka 2023 gredi ya saba ya mtaala mpya ilianza katika madarasa yetu, bila maabara. Mwalimu kijana aliyeletwa kufundisha sayansi aliomba funguo, akapewa, akaja kwangu kuuliza kopo liko wapi. Wanafunzi walimpiga picha kiluwiluwi kwa vishikwambi, wakaikuza kwa vidole mpaka vinyweleo vya mgongoni vikaonekana. Kelele zilifika ofisini.

Chaji ikaisha kabla ya zamu ya waliokaa nyuma. Wakasogea kwenye sahani, wakainama.