Studio ya chumbani isimwachie mwanao uziwi

Kijana akiomba studio ya nyumbani, mzazi huwaza bei kwanza. Lakini mastaringi, yaani kuuweka sawa wimbo kwa mara ya mwisho kabla haujatoka, huanza na vitu vichache: kompyuta, programu ya bure kama Audacity na hedifoni nzuri. Mapazia mazito na godoro lililoegemezwa ukutani hupunguza mwangwi.

Kinachosahaulika ni sikio. Kijana hurudia kipande kilekile usiku kucha. Sikio likichoka husikia hafifu, naye badala ya kupumzika huongeza sauti. Chembe za kusikia zilizo ndani ya sikio zikifa hazioti tena.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na mtoto desibeli 75. Programu ya simu ya kupima sauti hutoa makadirio.

Tena kelele hazimsaidii: Spotify hushusha wimbo uliopandishwa mno ili ulingane na mingine.

Mzazi asimnyang'anye vifaa, bali wakubaliane: mchana atumie spika ndogo, kwa sauti ambayo watu wawili chumbani wanaweza kuongea bila kupaaza. Kila saa apumzishe masikio dakika kumi. Akisema masikio yanavuma, au akiitwa kila mara anajibu "eti?", apelekwe kupimwa mapema. Hedifoni ikiharibika atanunuliwa nyingine. Sikio halina duka.