Weye Mwana wa Nani?

Ukipita Kibokoni alasiri, hapa Mji wa Kale, hukosi mzee barazani atakayekusimamisha: "Weye mwana wa nani?" Unamtaja babako. Haitoshi. "Na yeye wa nani?" Unapanda kwa babu, kwa baba wa babu, mpaka mzee apate jina analolijua. Hapo ndipo husema, "Haya, pita mwanangu."

Mimi kazi yangu ni kuandika programu. Mwaka jana wajomba zangu walinituma kazi ya nyumbani. Nyumba ya babu haikugawanywa alipokufa. Baadhi ya wanawe wakafa baada yake, na fungu la kila mmoja likashuka kwa warithi wake. Kabla ya kwenda kwa Kadhi, walitaka orodha ya kizazi chote.

Nikaiandika familia kwa XML, kwa sababu XML ni mti: kila mtu ana alama ya kumfungua na ya kumfunga, na wanawe wanakaa ndani yake. Babu ndiye mzizi. Kisha kwa Python, nikitumia ElementTree, nikaita findall("mtu") kwa babu, nikaiita tena kwa kila mwanawe. Majina yakajaa ukurasa. Nikayatuma kwenye WhatsApp ya familia, nimeridhika kabisa.

Usiku simu ikalia. Ni mpwa wangu, mjukuu wa marehemu mama mkubwa. Mamake naye alishatangulia.

"Mjomba, kwani siswi hatukuzawa?"

Sikuwa na la kusema. Findall ukiipa jina tupu hutazama watoto wa moja kwa moja tu, haishuki zaidi. Nami niliiita tabaka mbili. Vitukuu wengine ni wadogo, wazazi wao wapo, hakuna aliyeshtuka. Lakini yeye na nduguze ndio waliobaki kwenye tawi lao, na programu yangu ilikuwa imelikata.

Dawa ilikuwa neno moja: iter. Hiyo humchukua mtu, ikashuka kwa mwanawe wa kwanza na wote walio chini yake, ndipo ihamie kwa wa pili, mpaka jani la mwisho.

Mjomba akataka pia kila jina liandikwe ni mwana wa nani. Hapo nikakwama tena. Katika ElementTree mzazi anawajua wanawe, lakini mtoto hana njia ya kumfikia mzazi. Ilibidi niuzunguke mti mzima kwanza, nikiandika kila mtoto na mzazi wake kama kwenye daftari, ndipo niweze kupanda. Swali ambalo mtoto wa Kibokoni hulijibu akienda dukani, mashine yangu haikuwa nalo jibu.

Nilimtumia mpwa wangu orodha mpya kabla ya mtu mwingine yeyote: jina lake, la mamake, la bibi yake, mpaka kwa babu. Akakaa kimya kitambo, kisha akajibu: "Haya, mjomba."