Kuchagua antena ya mbali

Siku hizi misioni nyingi zataka kupata intaneti kwa njia ya redio, toka mlima mpaka mlima. Hapa kwetu, pembeni ya Ziwa Tanganyika, halmashauri ya parokia ilitupa kazi ya kuchagua antena za kuunga zahanati ya masista na hospitali iliyo mbali, kilomita 40. Usiku mama mjamzito akizidiwa, sista ataka kumwuliza daktari upesi. Faranga zilikuwa sadaka ya wakristu, wengi wao wavuvi na wajane. Sadaka ya namna hiyo haiombwi mara mbili.

Vijana walipenda antena ya fimbo, maana yasikia pande zote. Ni kweli, lakini nguvu yake yatawanyika. Koroboi yaangaza nyumba nzima na kuishia mlangoni. Tochi, kwa kuwa ina kioo nyuma ya balbu, yapiga mpaka ng'ambo ya bonde. Sahani ndiyo tochi ya mawimbi.

Sahani kubwa namna gani? Umbali ukizidi mara mbili, nguvu inayofika yabaki robo. Sahani yenye kipenyo mara mbili yakusanya mara nne. Lakini upepo nao wapata uso mara nne wa kusukuma, na mwale wawa mwembamba: kwa mawimbi ya gigahezi 5.8, sahani ya sentimita 60 ina mwale wa digrii 6 hivi, ile ya sentimita 120 digrii 3 tu. Mlingoti ukipinda kidogo katika tufani ya ziwa, hospitali imepotea! Kwa hesabu yetu, sahani za sentimita 60 pande zote mbili zatosha. Faranga tulizookoa zikaenda kwenye mlingoti wa chuma. Mtu mmoja alitusihi tununue mashine ya kuongeza nguvu ya kutuma. Hiyo yasaidia kusema. Sahani yasaidia kusema na kusikia pia.

Tena, sahani nzuri haitoboi mlima. Katikati ya kilomita 40 dunia yenyewe yainuka mita 23 hivi juu ya mstari ulionyooka, na mawimbi yataka tena nafasi wazi ya mita 14 chini yake. Hapo milima yetu ni mali kuliko antena. Mwaka 2007 Ermanno Pietrosemoli na wenzake huko Venezuela walifikisha Wi-Fi kilomita 382, nao walisimama juu milimani, na sahani za setilaiti zilizokwisha kutumika.

Neno moja la ziwa: maji matulivu yarudisha mawimbi kama kioo, na mawimbi hayo ya pili yaweza kuyaua ya kwanza. Kwa sababu hiyo tulitafuta njia ipitayo zaidi juu ya nchi kavu.

Faranga zilizobaki tumenunua waya ya shaba ya kuteremsha radi ardhini. Wazee walitaka rangi ya kanisa. Kanisa litangoja mvua zipite.