Kufuata si Kufuatilia

Leo sina vichekesho. Nataka kuwaambia kuhusu wiki moja ya Agosti 2021 niliyoshabikia timu ya nchi ambayo sijawahi kukanyaga, na kwa nini hiyo wiki bado inanidai.

Nimetoka kumaliza KCSE, ile ya Corona tuliyofanya Machi na Aprili. Matokeo yashatoka, nasubiri kuingia chuo. (Ndiyo, kile chuo nilichoacha mwaka wa pili. Karo ilikataa. Hiyo stori mnaijua.) Kafyu ya saa nne usiku bado ipo. Mathe amefunga kibanda mapema, mimi niko kitandani na simu yenye skrini iliyopasuka. Olimpiki ya Tokyo inaisha, natafuta kitu kingine cha kutazama. YouTube ikanirushia mechi ya Kombe la Dunia la basketi la wasichana chini ya miaka 19, kutoka mji wa Debrecen huko Hungaria. Timu 16. Kenya hakuna. Lakini Mali walikuwepo.

Sikuwa najua chochote kuhusu basketi ya Mali. Nilijua tu kwamba hawa ni wasichana wa rika langu, wanafanana na sisi, na wanakimbia kama watu wenye deni la kulipa. Mimi mwenyewe nilikuwa kapteni wa timu yetu ya sekondari. Uwanja wetu ulikuwa wa simiti iliyopasuka na ringi moja haikuwa na wavu. Kwa hivyo nilipowaona wakipigania kila mpira, nilijihisi niko pale ndani.

Kulikuwa na mmoja anaitwa Sika Koné. Manze! Mpira ukigonga ringi, yeye ashafika. Wengine wanaruka mara moja, yeye anaruka mara ya pili kabla hawajatua. Nilianza kuomba mathe hamsini hamsini za kununua data, namwambia ni za kutafuta kozi za chuo. Alijua ni uongo. Alinipa tu.

Wakashinda hadi wakafika nusu fainali. Hakuna timu ya Afrika iliyokuwa imewahi kufika hapo kwenye hayo mashindano ya wasichana. Niliruka kitandani nikagonga ukuta, jirani akagonga akijibu. Baadaye wakapoteza nusu fainali, halafu wakapoteza mechi ya kugombania shaba kwa wenyeji, Hungaria. Nafasi ya nne duniani. Marekani walichukua dhahabu kwa kuwapiga Australia 70-52, na Caitlin Clark, huyu mnayemjua sasa, akachaguliwa mchezaji bora. Lakini kwenye orodha ya wachezaji watano bora wa mashindano, jina la Koné lilikuwepo. Nililala nikiwa na furaha kama ni mimi nimecheza.

Asubuhi yake nikaamua nitengeneze video. Ingekuwa video yangu ya kwanza ya maana. Nikaingia mtandaoni kutafuta habari za hiyo timu, nipate mambo mawili matatu ya kusema.

Habari za kwanza kutokea hazikuwa za Debrecen. Zilikuwa za Juni, miezi miwili tu nyuma. Human Rights Watch na gazeti la New York Times walikuwa wameandika kwamba ndani ya basketi ya wasichana ya Mali kulikuwa na unyanyasaji wa kingono wa miaka mingi. Waliotajwa kulalamika walikuwa wachezaji wa timu za vijana. Kwamba ukikataa, unanyimwa nafasi ya kucheza. Aliyekuwa kocha wa timu ya vijana alikamatwa akashtakiwa. Rais wa FIBA wa wakati huo, ambaye ni raia wa Mali na aliwahi kuongoza shirikisho la kwao, alikaa kando uchunguzi ukiendelea, huku akikana lawama. Septemba mwaka huohuo ripoti ya uchunguzi, iliyoongozwa na wakili wa Kanada anayeitwa Richard McLaren, ilisema kwamba hayo mambo yalikuwa yamekubalika ndani ya mfumo wenyewe. Yaani yalizoeleka.

Soma tena hilo neno. Yalizoeleka.

Sikutengeneza video. Nilizima simu nikakaa tu. Na sitadanganya, mtu niliyemfikiria kwanza hakuwa Koné. Nilimfikiria mwenzangu wa shule. Nitamwita Saba, kwa sababu hiyo ndiyo namba aliyovaa.

Saba alikuwa mzuri kunishinda mbali. Mimi nilikuwa kapteni kwa sababu nilikuwa na mdomo, yeye alikuwa na mikono. Tukiwa kidato cha tatu alikuja kocha wa kutoka nje kutusaidia. Akaanza kumpa Saba mazoezi ya peke yake jioni. Akamnunulia viatu. Siku moja tukiwa tunafua jezi Saba akasema, kwa sauti ya chini, "Huyu kocha ananisumbua."

Unajua nilisema nini? Nilisema, "Si angalau umepata viatu." Tukacheka wote. Yeye pia alicheka, na hilo ndilo linaniuma, kwa sababu niliona kicheko chake hakikufika machoni, na bado nikaendelea kusuuza jezi.

Muhula uliofuata Saba alirudisha jezi. Shule ikasema ni utovu wa nidhamu. Kocha akasema hana moyo wa ushindani. Mimi, kapteni, nikamtafuta mtu mwingine wa kuvaa namba saba. Tukatolewa ngazi ya kaunti, na hata siku hiyo kwenye basi kuna mtu alisema, "Tungekuwa na Saba..." Hakuna aliyemalizia hiyo sentensi.

Nimebeba hiyo kitu miaka. Mwaka jana ndipo nilipata nguvu ya kumpigia. Ana duka la vipodozi sasa, ana maneno mengi, anacheka vizuri. Tuliongea kama saa nzima. Nilipomwomba msamaha alinyamaza kidogo halafu akasema, "Mimi najua mlinipenda. Nyinyi wote mnanifuata Instagram mpaka leo. Lakini hakuna hata mmoja alikuja bwenini kuniuliza."

Sina jibu la hiyo. Aliniruhusu niiandike, bila jina lake na bila la shule. Sitaandika zaidi ya hapo kwa sababu yaliyobaki ni yake.

Lakini tangu siku hiyo nimekuwa nikifikiria maneno mawili tunayoyachanganya. Kufuata na kufuatilia. Kufuata ni rahisi, unabonyeza tu. Nilifuata Mali mechi baada ya mechi na nilijua namba za jezi zao. Kufuatilia ni ile kazi nyingine, ya kuuliza mtoto amelala wapi, nani ana ufunguo wa hilo bweni, nani anaamua atacheza dakika ngapi, na akisema "hapana" anaenda kumwambia nani. Sisi mashabiki tunaijua sana ile ya kwanza.

Najua kuna mtu atasema nawaharibia wasichana furaha yao. Kwamba walifika nafasi ya nne duniani, waache wasifiwe. Nakubali wasifiwe! Tena kwa kelele. Aprili 2022 Koné alichaguliwa kwenye drafti ya WNBA, namba 29, na 2023 akaichezea Chicago Sky. Nilipiga nduru peke yangu ndani ya matatu, watu wakanigeukia. Hayo ni yake, aliyatolea jasho, na hakuna kashfa ya watu wazima inayoweza kuyafuta.

Ninachokataa ni kutumia medali kama pazia. Timu ikishinda tunasema mfumo unafanya kazi. Hapana. Wakati mwingine wasichana wanashinda licha ya mfumo, na hatutajua kamwe ni akina Saba wangapi walirudisha jezi kabla ya ndege kupaa.

Na usiniambie hiyo ni shida ya Bamako. Mimi niko Nairobi, na stori niliyokupa ni ya hapa.

Siku hizi nikienda kurekodi mashindano ya mtaa, kuna mambo nimejiwekea. Nikimhoji msichana, kocha wake asisimame karibu. Nikisikia "mazoezi ya peke yake", nauliza nani mwingine anakuwepo. Timu ya wasichana ikisafiri bila mwanamke mzima hata mmoja, nauliza kwa nini, na nauliza kwa sauti. Nimeshafukuzwa uwanja mmoja kwa hilo. Mzee mmoja aliniambia, "Wewe uliacha chuo, utatufundisha nini?" Nikamwambia sifundishi, nauliza tu. Hakunijibu.

Na wewe unayecheza, kama kuna mtu "anakusumbua", 116 ni namba ya bure ya watoto hapa Kenya. Ukiwa na rafiki aliyesema hivyo kwa sauti ya chini, usimwambie kuhusu viatu. Acha kufua. Muulize, "Anakusumbua aje?" Halafu nyamaza umsikize.

Jumamosi hii kuna fainali za wasichana mtaani kwetu. Nimemwalika Saba. Amesema atafunga duka saa saba aje, lakini nisimwekee kamera. Sitamwekea. Nimemwekea kiti.