Mali bila Daftari

Tarehe 8 Juni 2005, katika chumba cha kusomea cha Maktaba ya Beinecke, Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani, mkutubi mmoja aliona wembe mdogo sakafuni. Katika nyumba iliyojengwa kuhifadhi vitabu adimu, wembe hauna kazi ya halali. Taarifa ikatolewa, na macho yakaanza kumfuata msomaji mmoja aliyekuwa akipekua vitabu vikongwe vya ramani.

Msomaji huyo hakuwa mgeni. E. Forbes Smiley III alikuwa mfanyabiashara wa ramani za kale aliyesifika kwa ujuzi wake. Matajiri walimtegemea awatafutie ramani za thamani, na mikusanyo aliyosaidia kuijenga ilikuja kuingia katika maktaba za umma za New York na Boston. Kwa hiyo milango ilimfunguka, na vitabu vikaletwa mezani pake. Alipokamatwa siku ile alikutwa na ramani kadhaa, moja ikiwa mfukoni mwa koti lake. Wahenga hawakukosea: kikulacho ki nguoni mwako.

Ramani ya kale ni windo jepesi. Nyingi kati ya zile za karne ya 16 na ya 17 zilipigwa chapa na kufungwa ndani ya vitabu vikubwa. Ukurasa mmoja ukikatwa na kukunjwa, kitabu hurudi rafuni na jalada lake lile lile, wala jicho halioni pengo. Tena chapa moja ilitoa nakala nyingi. Karatasi ikifika sokoni, nani atajua imetoka kitabu kipi? Hununuliwa, hutiwa fremu, ikatundikwa ukutani.

Mwaka 2006 Smiley alikiri kuiba ramani 97, zenye thamani ya takriban dola milioni 3. Alizitoa Yale, Harvard, maktaba za umma za Boston na New York, Maktaba ya Newberry ya Chicago, na Maktaba ya Uingereza mjini London. Akahukumiwa kifungo cha miezi 42. Lakini lililotisha kuliko wizi wenyewe ni kwamba wapelelezi walikuwa na ushahidi wa sehemu ndogo tu ya ramani hizo. Nyingi zilijulikana kwa ulimi wa mwizi. Miaka kumi kabla yake, Gilbert Bland alikamatwa Baltimore kwa kosa kama hilo, na wapelelezi walipotaka kuzirudisha ramani alizoiba, baadhi hazikupata wa kuzidai. Mali bila daftari huisha bila habari.

Mtu wa visiwani asidhani kwamba hayo ni ya wenyewe huko ng'ambo. Katika kitabu cha miji ya dunia kilichochapwa Cologne mwaka 1572, Kilwa na Mombasa zimechorwa katika ukurasa mmoja na Aden na Sofala. Ukurasa huo ukiwa maktabani, kijana wa Kilwa aweza kuomba kuuona, akajua mji wake ulivyosawiriwa na wageni. Ukinyofolewa, huwa pambo la sebule ya mtu asiyeijua Kilwa.

Na ziko kurasa zilizo karibu zaidi. Katika masanduku ya nyumba za mwambao zingalimo tenzi zilizoandikwa kwa mkono, kwa hati za Kiarabu, karatasi zake zimelegea uzi. Ramani iliyochapwa huenda ina ndugu zake mahali pengine. Utenzi wa nakala moja hauna ndugu. Baada ya kesi ya Smiley, wakutubi walikaa kuhesabu upya walichonacho, ukurasa kwa ukurasa, na kukipiga picha. Ni kazi ya kuchosha, nayo haihitaji jumba la mawe wala walinzi. Yahitaji mtu mmoja wa nyumba, kalamu, na daftari, kabla hajaja mgeni mwenye maneno matamu kuomba aonyeshwe sanduku.