Pete ya Biri na Ulimi wa Mwonjaji

Ulimi ni hakimu mwepesi kuhongwa. Hongo yake si fedha siku zote. Aghalabu ni jina. Mtu akiambiwa kuwa kitu ni cha thamani kabla hajakionja, ulimi wake huwa umekwisha kukata hukumu ilhali shahidi bado hajasema. Udhaifu huu huonekana dhahiri katika kuonja biri, yaani sigara nene iliyosokotwa kwa majani matupu ya tumbaku, hasa biri mpya itokapo kiwandani ikiwa imevikwa pete ya karatasi yenye nakshi na jina kubwa.

Usione vyaelea, vimeundwa. Biri ya Cuba ina majani ya ndani, jani la kuyafunga, na jani la nje ambalo ni vazi lake. Tumbaku iliyo mashuhuri kuliko zote hulimwa Vuelta Abajo, katika jimbo la Pinar del Río. Jani la nje hukuzwa kivulini, chini ya vitambaa vyembamba, lipate kuwa laini. Majani ya ndani hukuzwa juani. Haya ya ndani hayana kazi moja: volado hushika moto, seco hutoa harufu, na ligero, litokalo sehemu ya juu ya mche, huleta nguvu. Msokotaji huyakusanya kwa vidole, na kipimo chake ni mkono uliozoea. Tangu mwaka 1865 ilianza Havana desturi ya kumweka kiwandani msomaji wa kuwasomea wasokotaji magazeti na hadithi wakiwa kazini. Hivyo masikio yao yalipata chakula wakati mikono yao ikitafuta riziki.

Mfano wa biri mpya ni Behike za jina la Cohiba, zilizotolewa Havana mwezi wa Februari 2010. Cohiba yenyewe ilianza mwaka 1966 kwa ajili ya viongozi wa serikali na wageni wao, ikauzwa kwa watu wote tangu 1982. Behike hizo zilikuwa ndugu watatu: 52, 54 na 56. Hesabu hizo ni za unene: inchi moja ikigawanywa sehemu 64, mdogo ana sehemu 52 na mkubwa 56. Urefu wao ni milimita 119, 144 na 166. Ndani yao lilitiwa jani liitwalo medio tiempo, ambalo huota kileleni mwa mche, wala si kila mche hulizaa. Uhaba huo ulitangazwa sana, na bei ikaufuata.

Hapa ndipo mwonjaji hujaribiwa. Uhaba si ladha, na bei si harufu. Mwonjaji mwadilifu humwomba mwenziwe azivue biri pete na kuchanganya nazo biri ya bei ndogo yenye umbo lile lile. Huzitazama, huzibonyeza taratibu, huzinusa kabla ya kuwasha. Kisha huvuta polepole na kusukutua kinywa kwa maji baina ya moja na nyingine. Huandika mambo ya mwanzo, ya katikati na ya mwisho mbali mbali, kwa kuwa biri hubadilika kadiri inavyopungua. Huzingatia pia kwamba katika biri nyembamba jani la nje husikika zaidi, na katika nene majani ya ndani hutawala. Pete zirudishwapo, huenda akakuta amesifu ile aliyokuwa tayari kuidharau. Saa hiyo ndiyo ya kupima uadilifu wake, si ulimi wake.

Wala jina peke yake haliwezi kushuhudia. Mwaka 1960 serikali ya Cuba ilitaifisha viwanda vya tumbaku, na baadhi ya wenye viwanda wakahama na ujuzi wao. Februari 1962 Rais Kennedy wa Marekani akapiga marufuku biashara na Cuba. Kutokana na mfarakano huo zikazaliwa Montecristo mbili na Romeo y Julieta mbili: za Cuba, na nyingine zisokotwazo katika Jamhuri ya Dominika. Jina ni moja, udongo ni mbali mbali. Asifuye jina bila kuuliza udongo amesifu karatasi.

Wakati nao ni shahidi. Biri iliyosokotwa karibuni huweza kunuka amonia na kuuma ulimi, kisha ikatulia baada ya kuhifadhiwa miezi au miaka katika sanduku lenye unyevu wa kadiri. Kwa hiyo hukumu ya biri mpya yafaa iandikwe pamoja na tarehe yake, na sehemu ya biri iwekwe ionjwe tena. Hakimu akataaye rufani huogopa kweli.

Yasalia jambo moja ambalo pete haifichi ila pendo la moshi hulificha. Moshi wa biri aghalabu hauingizwi mapafuni, lakini sumu yake hupita kinywani. Nao huleta saratani ya kinywa, ya koo na ya umio. Utamu hauwezi kuifuta habari hiyo. Mwonjaji apewaye biri bure na mwuzaji huona taabu kutaja kasoro yake, kama mgeni aonavyo taabu kutaja upungufu wa chumvi. Kutaja madhara yake ni taabu zaidi. Lakini anayesoma hukumu yake atatoa fedha zake na pumzi zake kwa kuiamini. Huyo ndiye mwenye haki ya kwanza, naye hakualikwa mezani.